Barakoa ya Picha: Namna ya Kutenga Kisiwa na Bahari

Picha inayopigwa na setilaiti si mistari kama ramani iliyochorwa kwa mkono. Ni mfano wa jamvi la miraba midogo iitwayo pikseli, na kila mraba hubeba namba inayoonyesha kiasi cha mwanga ulioakisiwa na sehemu ile ya dunia. Katika picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, pikseli ndogo kabisa ina upande wa mita 10.

Anayetaka kupima mikoko ya kisiwa cha Makoongwe, mkabala wa Mkoani, Pemba, atakuta picha imejaa asivyovihitaji: bahari, mawingu na vivuli vyake, hata pwani ya Pemba yenyewe. Hapo ndipo inapohitajika barakoa. Jina hilo lafaa, kwani barakoa waliyovaa zamani baadhi ya wanawake wa pwani ilificha uso na kuacha macho. Barakoa ya picha ni picha ya pili yenye miraba ileile, ila namba zake ni mbili tu: 1 penye kutazamwa, 0 penye kufichwa.

Kazi hii haihitaji kubofya wala kupaka rangi. GDAL, mkusanyo wa programu za bure ulioanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, hupokea amri ya mstari mmoja:

gdal_rasterize -burn 1 -ot Byte -tr 10 10 -te MAGHARIBI KUSINI MASHARIKI KASKAZINI mpaka.gpkg barakoa.tif

Faili ya mpaka.gpkg ina mzingo wa eneo linalopimwa, uliochorwa kwa vipimo vya mita. Alama -burn 1 huagiza namba 1 iandikwe ndani ya mzingo. Alama -tr hutaja ukubwa wa pikseli. Na baada ya -te huandikwa namba za kingo nne za picha ya asili. Kingo zikikosewa, barakoa huteleza, na mikoko huhesabiwa baharini.

Lakini pikseli iliyokatwa na mpaka ihesabiwe ndani au nje? Kwa kawaida programu huihesabu ikiwa kitovu chake kimo ndani. Ikiongezwa alama -at, kila pikseli iliyoguswa huhesabiwa. Alama hiyo ni ndogo, na wengi huipita bila kuitazama. Hebu mwanafunzi achore kwenye karatasi ya miraba kichaka cha mikoko chenye upande wa mita 108, kinachofunika pikseli 10 kamili kila upande na kuzidi mita 4 kila ukingo. Kwa kanuni ya kitovu atapata pikseli 100, yaani mita za mraba 10,000; kwa kanuni ya kugusa atapata 144, yaani 14,400. Eneo la kweli ni 11,664. Basi ikiwa mwaka mmoja ilitumika kanuni ya kugusa na mwaka wa pili ya kitovu, ramani itatangaza kwamba karibu theluthi ya kichaka imekatwa, ilhali hakuna aliyeshika shoka. Upande ukiwa mita 1,008, tofauti ni pikseli 10,000 na 10,404 tu. Ndiyo maana kosa lisiloonekana katika msitu wa bara huwa kubwa katika kisiwa kidogo, ambacho sehemu yake kubwa ni ukingo.

Tena ukingo wenyewe hautulii. Sentinel-2 hupita karibu saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua. Wakulima wa mwani wanaijua saa hiyo: siku za bamvua maji huwa yamekupwa na mchanga uko wazi, siku za maji mafu, saa ileile, bahari huwa imejaa au inakaribia kujaa. Kabla ya kulinganisha barakoa za miaka miwili, mpimaji hufungua kwanza jedwali la maji na kutafuta tarehe za picha zote mbili.