Fremu kamili au kropu? Usiuze ng'ombe kabla ya kujua tofauti

JE, kijana wako amemaliza chuo na sasa anakusihi umpe mtaji wa kununua kamera ili aanze kupiga picha za arusi na mahafali? Au pengine ni wewe mwanafunzi, umejibana kwa miezi kadhaa, na kila unayemuuliza anakuambia kwamba bila kamera ya "fremu kamili" unajisumbua bure? Kabla hujafungua kibeti, soma haya kwanza.

Tuanzie ndani ya kamera yenyewe. Nyuma ya lenzi, pale palipokaa filamu zamani, siku hizi pana kipande chembamba cha silikoni kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Mafundi hukiita sensa, lakini kwa kuwa sensa kwetu ni ile shughuli ya kuhesabu watu, hapa tutakiita kihisi. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kile cha kamera za kropu, yaani zilizopunguzwa, ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6 katika kamera za Nikon, Sony na Fujifilm, na kidogo zaidi katika zile za Canon. Ukipiga hesabu utaona kwamba eneo la kile kikubwa ni zaidi ya mara mbili la kile kidogo.

Usidhani kipimo hicho cha 36 kwa 24 kiliteremshwa kutoka mbinguni. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema, akaipitisha kwa ubavu, na kuamua kwamba kila picha itachukua nafasi ya picha mbili za sinema. Kamera yake, Leica, ilianza kuuzwa mwaka wa 1925. Wakati huo wataalamu walizoea filamu na vioo vikubwa zaidi, na hiki tunachokiita leo "kamili" kilihesabiwa kuwa kipimo cha vijikamera!

Kropu nazo zilizaliwa na bei. Vihisi hukatwa kutoka kwenye bamba la silikoni lenye umbo la sahani. Kadiri kihisi kilivyo kikubwa ndivyo vinavyopatikana vichache katika bamba moja, na doa dogo tu huharibu kipande kizima. Isitoshe, mashine nyingi za kuchora vihisi haziwezi kufikia milimita 36 kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo mara nyingi kile kikubwa huchorwa vipande vipande na kuunganishwa. Ndiyo maana Nikon D1 ya mwaka wa 1999 ilikuwa kropu ingawa ilitengenezewa wapiga picha wa magazeti. Canon ilipotoa EOS-1Ds yenye fremu kamili mwaka wa 2002, bei yake ilikuwa karibu dola 8,000. Kufikia mwaka wa 2019 kampuni hiyo hiyo iliuza EOS RP, fremu kamili pia, kwa takriban dola 1,300. Hapo ndipo tamaa ilipowaingia hata wanagenzi.

Sasa, ukubwa huo una faida gani kwako? Jambo la kwanza utakaloliona ni upeo wa picha. Kihisi kidogo huchukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inaona, hivyo lenzi ya milimita 50 hukuonyesha kama ile ya 75. Ukienda Mbuga ya Taifa ya Nairobi hiyo ni neema, kwa sababu lenzi yako ya 300 itakusogezea simba kana kwamba ni ya 450. Lakini ukiwa katika sebule ndogo Umoja na ukoo mzima wataka kuingia kwenye picha moja, utajikuta umegonga ukuta kwa kisogo.

La pili ni mwanga, na hapa sitakuficha: kihisi kikubwa kina ubora wa kweli. Katika karamu ya usiku au kanisani penye taa hafifu, picha zake huwa safi, zisizo na zile chembechembe kama mchanga, na nyuso za watu weusi hutokea na rangi yake badala ya kuzama gizani. Hata hivyo, chukua kamera ya kropu, uifunge lenzi ya bei nafuu ya milimita 35 yenye uwazi wa f/1.8. Jirani yako naye ana fremu kamili na lenzi ya kuvuta yenye uwazi wa f/2.8, ambayo huenda imemgharimu mara kadhaa zaidi. Jirani akivuta lenzi yake hadi milimita 50 na kidogo, nyinyi wawili mtapata karibu picha ile ile, kwa mwanga na kwa jinsi mandhari ya nyuma yanavyofifia. Amekushinda kwa kuvuta karibu na mbali bila kubadilisha lenzi, basi. Anayemwona bi arusi pichani hatajua ni nani alitumia nini.

Je, kropu zitakufa? Hofu hiyo inaeleweka, kwani soko limenywea. Mwaka wa 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha zaidi ya kamera milioni 120. Mwaka wa 2023 hazikufika milioni 8. Simu zimezimeza zile kamera ndogo za mfukoni, na makampuni yakakimbilia kuuza kamera za bei ya juu kwa watu wachache. Lakini ukitazama vyema, utaona kwamba kilichokufa si ukubwa wa kihisi. Fujifilm inatengeneza kropu na, juu yake, kamera zenye kihisi cha milimita 44 kwa 33. Fremu kamili imeiruka kabisa. Vihisi vya milimita 17.3 kwa 13, vidogo kuliko kropu, bado vinauzwa na Panasonic na OM System ingawa Olympus iliuza biashara yake ya kamera.

Kinachokufa ni mdomo wa kamera, yaani pale lenzi inapofungiwa. Canon ilikuwa na ukoo wa kamera za kropu ulioitwa EOS M. M50 yake ya mwaka wa 2018 ilipendwa sana na vijana wanaojirekodi video. Kisha kampuni ikaleta R7 na R10, kropu vile vile lakini zenye mdomo wa RF, na kufikia mwaka wa 2023 ukoo wa M ukafungwa. Lenzi za M haziwezi kuhamia RF. Aliyekuwa na lenzi nne alibaki na yatima wanne. Waliokuwa na Nikon 1 na Samsung NX wanaijua hadithi hiyo.

Kwa hivyo ningekuwa wewe, ningenunua mwili wa kropu uliotumika wenye mdomo ambao bado unatengenezewa lenzi: Sony E, Nikon Z, Canon RF au Fujifilm X. Fedha zinazosalia ningezitia kwenye lenzi moja yenye uwazi mkubwa na taa ya kumulika dari. Kazi ikishika, katika milango hiyo mitatu ya kwanza unaweza kununua mwili wa fremu kamili baadaye. Ila jihadhari: lenzi iliyoundwa kwa kropu itafunga vizuri huko, lakini kamera ya pikseli milioni 24 itatumia katikati tu na kukupa takriban milioni 10.

Ukifika dukani, mwambie muuzaji aitoe lenzi na usome herufi zilizoandikwa juu yake kabla ya kuuliza bei. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa uwazi wa f/16, uikuze kwenye kioo, utafute madoa. Vumbi hupanguswa. Mkwaruzo kwenye kihisi hauondoki.