Ubao Unesao: Habari za Mchupaji Alexandre Despatie (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza habari za jukwaa la mita 10, ile sakafu ngumu isiyotikisika, ambayo humwachia mchupaji kila kitu mikononi mwake mwenyewe, isiongeze wala isipunguze. Leo tunaingia katika habari ya ubao, nao ni mlango mwingine kabisa wa elimu hii, kwa kuwa ubao hunesa, una mwendo wake na wakati wake, humlipa aliyeungoja na humwadhibu aliyeufanyia pupa. Na ili maelezo yetu yasielee hewani, tumemchagua mtu mmoja ambaye sifa zake zilianzia juu ya jukwaa na kazi yake ikaishia juu ya ubao, naye ni Alexandre Despatie, Mkanada wa jimbo la Quebec, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kifaransa, aliyezaliwa Montreal tarehe 8 Juni 1985 na kukulia katika mji jirani wa Laval.

Kijana huyu alijulikana mapema mno. Mwezi wa Septemba 1998, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kuala Lumpur, michezo ambayo sisi wa Afrika ya Mashariki aghalabu huifuata kwa ajili ya wakimbiaji na mabondia wetu, mtoto wa miaka 13 alizipanda ngazi za jukwaa la mita 10, akashindana na watu wazima waliokwisha kukomaa katika kazi hiyo, akashuka na nishani ya dhahabu, na wamo katika waamuzi waliompa 10 kamili, alama isiyo na nyingine juu yake. Miaka miwili baadaye, mjini Sydney, alikuwa wa nne katika Olimpiki. Mwaka 2003, mjini Barcelona, akawa bingwa wa dunia wa jukwaa. Msomaji wa habari hizi peke yake angesema kwa yakini kwamba huyu ni mtu wa jukwaa, na kwamba habari za ubao ni nyongeza tu. Na hapo ndipo angekosea, kwani ufundi uliomtenga mtu huyu na wenziwe ulikuwa mahali pengine.

Hebu tuutazame ubao wenyewe kwa karibu. Urefu wake ni mita 4.88, na upana wake kadiri ya nusu mita. Zamani ulikuwa wa mbao, lakini tangu katikati ya karne ya 20 umekuwa wa alumini, madini yale yale mepesi yatumikayo katika mabawa ya ndege, wala si kwa sadfa, kwani Mmarekani Raymond Rude aliyeueneza ubao huu alikuwa mtu wa viwanda vya ndege. Ncha yake ya nyuma imefungwa, ncha ya mbele i huru juu ya maji, na baina ya ncha hizo pana egemeo liwezalo kusogezwa, ambalo mchupaji hulisogeza kwa kuzungusha gurudumu kwa unyayo wake kabla ya zamu yake kufika. Egemeo likirudishwa nyuma, sehemu iliyo huru hurefuka, ubao hulegea, hunesa sana na kurejea polepole. Likisogezwa mbele, ubao hukakamaa na kurejea upesi. Ndiyo maana utamwona kila mchupaji afikapo hapo akisukuma gurudumu kwa mguu, akiujaribu ubao kwa kuurukia kidogo, kisha akisukuma tena, kama mpiga udi akazavyo nyuzi zake kabla ya kuanza wimbo. Na kipimo cha mmoja hakimfai mwingine, kwa kuwa uzito wa miili na wepesi wa magoti haulingani.

Baada ya hayo huja hatua. Katika miruko ya kwenda mbele, mchupaji hutembea hatua chache bila haraka, hujirusha juu kwa mguu mmoja, hewani huikutanisha miguu yake, kisha hutua kwa miguu yote miwili kwenye ncha kabisa ya ubao. Hapo ndipo penye siri. Ubao huanza kushuka kwa uzito wake, naye sharti auzidishie kushuka huko kwa nguvu ya mapaja na mzunguko wa mikono. Kisha, hali kila kiungo cha mwili kinamhimiza aruke, sharti atulie na kungoja mpaka ubao ufike mwisho wake, ugeuke, na umrudishie nguvu ile aliyoiweka amana. Akiwa na pupa, akaikwapua miguu kabla ubao haujamaliza kurejea, hupoteza kimo. Na kimo ndicho muda, kwani kutoka ubao wa mita 3 mchupaji hana ila kadiri ya sekunde moja na nusu tangu miguu iuache ubao mpaka vidole vya mikono viyaguse maji, na katika muda huo hupinduka mara tatu na nusu, hujikunjua, huyatafuta maji kwa macho, na kuingia wima bila kuyatawanya. Hata maji yenyewe hurushiwa manyunyu makusudi ili uso wake uvurugike, kwa sababu maji matulivu hayamwonyeshi mtu aliye hewani mahali yaanziapo.

Waamuzi saba hukaa kando wakitoa alama kutoka 0 hadi 10. Zilizozidi kwa ukubwa na zilizozidi kwa udogo hutupwa, na zinazosalia hujumlishwa na kuzidishwa kwa kipimo cha ugumu wa mruko. Kwa hiyo mchupaji ni mfanyabiashara pia: huchagua mruko mgumu wenye faida kubwa na hatari kubwa, au mwepesi wenye salama na faida haba, na orodha yake huitoa kabla ya mashindano kuanza.

Mwezi wa Agosti 2004 Despatie alikwenda Olimpiki ya Athens akiwa na jukwaa na ubao vyote viwili. Birika la kuchupia la huko lilikuwa ndani ya jengo, chini ya paa, bila ya upepo wa kumsumbua mtu. Jinsi ubao usivyomheshimu mtu ilidhihirika huko huko siku za mwanzo: jozi ya Wachina, Peng Bo na mwenziwe Wang Kenan, walikuwa mbele katika mruko wa pamoja, na umebaki mruko mmoja tu, ndipo Wang alipopotewa hewani, akaanguka vibaya, wakapewa sifuri, na dhahabu ikawaendea Wagiriki ambao hakuna aliyewatazamia. Peng Bo huyo huyo alirudi peke yake juu ya ubao wa mita 3 akashinda kwa alama 787.38, Despatie akawa wa pili kwa 755.97, na Mrusi Dmitri Sautin, mkongwe wa mchezo huu, wa tatu kwa 753.27. Katika jukwaa, lile lililomlea, Despatie alitoka wa nne tena. Hivyo mtu wa jukwaa akapata nishani yake ya kwanza ya Olimpiki kwa ubao, na akawa mwanamume wa kwanza wa Kanada kupata nishani ya Olimpiki katika kuchupa. Nasema mwanamume, kwa maana wanawake wa nchi hiyo walimtangulia zamani, Irene MacDonald kwa shaba ya mwaka 1956 Melbourne, na Sylvie Bernier kwa dhahabu ya mwaka 1984 Los Angeles, na wote wawili kwa ubao.

Mwaka uliofuata mashindano ya dunia yalifanyika nyumbani kwake, Montreal, nayo nusura yasifanyike, kwani mwezi wa Januari 2005 shirikisho la dunia la kuogelea liliinyang'anya Montreal haki hiyo kwa sababu ya uhaba wa fedha, kisha baada ya mashauriano likairudishia. Ilipofika Julai, katika kisiwa cha Sainte-Hélène kilicho katikati ya mto Saint-Laurent, Despatie alishinda ubao wa mita 1 na ubao wa mita 3, na katika huu wa pili jumla yake ilipita alama 800. Ukiongeza jukwaa la Barcelona, akawa mtu wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika vimo vyote vitatu.

Watu wengi huyasoma maneno haya kama hesabu ya nishani tu, nami naona wanayapitia juujuu. Jukwaa humtaka mtu awe na nguvu ya kulipuka kutoka pahala pagumu, na mikono na mabega ya kuyapasua maji kwa mwendo wa kilomita karibu 50 kwa saa; mwenye mazoea hayo akipanda ubao huukimbilia, kwani mwili wake umezoea kutongoja. Ubao wa mita 3 humtaka angoje. Ubao wa mita 1, ambao haumo katika Olimpiki na kwa hiyo hudharauliwa, humtaka angoje vivyo hivyo kisha umnyime nafasi, maana maji yako karibu mno na kosa dogo la kuondoka halina muda wa kusahihishwa. Mtu kuufundisha mwili mmoja tabia tatu zinazopingana, akabadili moja kwa nyingine bila kuzichanganya, ni jambo ninaloliona kubwa kuliko dhahabu moja iliyopatikana kwa siku moja njema. Na wanaosema kwamba Despatie alipungukiwa kwa kutopata dhahabu ya Olimpiki, kwa hakika hakuipata, lakini wao hawajautazama ubao.

Lakini mchezo huu hula mwili. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, na hilo si ajabu kwa mtu aliyeanza kujitupa majini angali mtoto. La ajabu ni lililompata mwezi wa Aprili 2008, miezi minne kabla ya Olimpiki ya Beijing: alivunjika mfupa wa mguu, na wala hakuvunjika kwa jukwaa wala kwa ubao, bali kwa kucheza mpira wa miguu katika kupasha mwili moto kabla ya mazoezi. Mchupaji wa ubao aliyevunjika mguu ni mtu aliyenyang'anywa mlango wa nyumba yake, kwa kuwa kila mruko huanzia kwenye ule utuaji tulioueleza, na mguu usioaminika hauwezi kuungoja ubao. Huogopa, na woga ni pupa ya namna nyingine. Hata hivyo mwezi wa Agosti alikuwa Beijing, na katika fainali ya mita 3 alipata 536.65 nyuma ya He Chong wa Uchina aliyepata 572.90, na mbele ya Mchina wa pili, Qin Kai, aliyepata 530.10. Msomaji asistaajabu kwamba hesabu hizi ni ndogo kuliko za Athens: zamani alama za nusu fainali ziliongezwa juu ya zile za fainali, na huko Beijing kila mmoja alianza fainali kwa sifuri. Fedha hii, kwa maoni yangu, ndiyo kazi yake bora kupita zote, hata ile ya Montreal, kwa sababu Montreal alikuwa na mwili mzima na watu wake wakimshangilia, na Beijing hakuwa na moja la hayo mawili.

Mwezi wa Juni 2012, wiki chache kabla ya Olimpiki ya London, alikuwa Madrid akijiandaa kwa mashindano. Miongoni mwa miruko ya ubao ipo ambayo mchupaji huyapa maji kisogo, huruka kwenda nyuma, kisha hupinduka kuuelekea ubao, na kwa hiyo kichwa chake hupita karibu na ncha ya ubao. Akijitupa mbali mno huharibu mruko, akiondoka karibu mno huhatarisha uhai. Katika mruko wa namna hiyo kichwa cha Despatie kiliupiga ubao, akapasuka sehemu ya paji la uso penye mwanzo wa nywele, akapasuliwa na madaktari, na ubongo wake ukatikisika. Wenye umri walikumbuka Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Greg Louganis wa Marekani alipopigwa kichwani na ubao katika raundi za mwanzo, akashonwa, akarudi, akatwaa dhahabu. Lakini Louganis alirudi siku ile ile, pengine kabla hofu haijapata nafasi ya kukaa, ilhali Despatie alilazimika kukaa chini, kukatazwa mazoezi, na kuwa na siku nyingi za kuufikiria ubao ule kabla ya kuupanda tena.

Alikwenda London. Pamoja na Reuben Ross alikuwa wa sita katika mruko wa jozi, na peke yake akaingia fainali ya mita 3 akawa wa 11. Mwezi wa Juni 2013, akikaribia miaka 28, alitangaza kuacha mashindano, miaka 15 kasoro miezi michache tangu Kuala Lumpur.

Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutarudi nyuma kwa Sylvie Bernier, yule aliyekuwa akiziba masikio yake kwa muziki baina ya mruko na mruko ili asisikie alama zake zikitangazwa, na tutaeleza kwa nini jimbo moja la Quebec limetoa wachupaji wengi kiasi hicho.