Hofu Isiyotoka Angani
Kisa cha kwanza kuvuma sana Marekani cha watu waliodai kutekwa na viumbe wa angani kilimhusu Barney Hill, mtu mweusi, mfanyakazi wa posta, pamoja na Betty, mkewe Mzungu. Ilikuwa Septemba 1961, usiku, njiani New Hampshire. Mwaka 1964 daktari wa akili alimlaza usingizi ili akumbuke. Barney akasema kiumbe mmoja alimkumbusha Mwairishi, na Wairishi aliwajua kuwa wachukivu kwa watu weusi. Tusadiki tusisadiki, hofu hiyo ilitoka duniani. Wachunguzi wa mambo hayo, wengi wao Wazungu, wamebishana miaka mingi juu ya mianga na nyota. Mwairishi yule humpitia mbali.