Usalama na Afya: Sahani Kubwa Ndani ya Maji



Anayeingia mtoni na mashini ya kutafuta metali, iwe upande wa Manguredjipa au Semuliki, hutamani sahani kubwa. Fikiri kwanza. Sahani kubwa husikia kipande kikubwa kilicho chini zaidi, lakini punje ndogo huipita. Na dhahabu ya mtoni mara nyingi ni punje.

Tena, sahani ya sentimeta 40 ina eneo mara 4 la ile ya sentimeta 20. Maji ya mbio huisukuma kwa nguvu, bega huuma, mguu huteleza. Kwa hiyo itumie kwenye maji matulivu tu, yasiyopita magoti, na mwenzako awe ukingoni.

Namna ya kuifunga:

1. Hakikisha imetengenezwa kwa mashini yako na kwa maji. Kama waya umefungiwa ndani ya mashini, usiukate.
2. Zima mashini, toa betri.
3. Safisha mpira wa kiungo. Chembe moja ya mchanga huingiza maji.
4. Tumia skrubu ya plastiki, uikaze kwa vidole.
5. Zungushia waya kwenye fimbo, usichezecheze.
6. Jaribu nchi kavu kwa sarafu.

Beni imeona vita. Mashini ikilia, ukaona risasi au kombora, usiguse, usichimbe. Weka alama mbali, rudi ulipopita, arifu wakubwa.

Watoto wafundishwe vilevile.