Afisi Isiyo na Baraza Haijawa Yako

Mtu akihamia nyumba mpya, jamaa na majirani hujua la kufanya. Huchomwa ubani, husomwa Yasini, hupikwa chochote watoto wakala, na mwenye nyumba akaombewa baraka. Lakini mtu akihamia afisi mpya hupewa ufunguo, huonyeshwa meza, na kesho yake saa mbili asubuhi hutakiwa awe kazini kama kwamba amezaliwa pale. Nasi wengi wetu tuko macho afisini kwa saa nyingi kuliko majumbani. Basi mahali kama pale huwaje petu?

Mimi ni karani katika afisi ya wakili, na kazi yangu kubwa ni hati za mirathi. Kwa miaka 31 tulikuwa katika nyumba ya mawe Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Mwaka jana mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, nasi tukapanda ghorofa ya tatu ya jumba moja karibu na Barabara ya Moi. Ni jumba zuri, halina kasoro kwa macho. Lina lifti, taa nyeupe, madirisha ya vioo yasiyofunguka na kiyoyozi kivumacho mchana kutwa. Ukumbi ni mmoja tu, mpana, na meza zetu zimetengwa kwa viambaza vya mbao vinavyomfikia mtu kifuani.

Kila mmoja alianza kujitengenezea pake. Vijana walileta vikombe vyao, picha za watoto wao na miti midogo ya chunguni. Sina ubaya na hayo. Mimi nilianza na kibla. Kule chini adhana ilitufikia dirishani, na mihirabu ilikuwa karibu. Huku juu hakuna sauti ila ya mashine. Lakini sisi watu wa Mombasa Mungu ametupa wepesi. Makka na Mombasa zote mbili ziko baina ya nyuzi 39 na 40 za mashariki, kwa hivyo kibla chetu ni karibu kaskazini kamili. Mtu akiwa na dira ndogo hahitaji kumuuliza mtu. Nikaisukuma meza yangu kando, nikaacha nafasi ya mswala mbele ya ukuta wa kaskazini, na saa ya ukutani nikaitundika hapo juu.

Pili nilipanga mtoto wa meza. Msomaji asicheke. Mtoto wa meza ndiyo akiba ya karani: mhuri na wino wake, pini, tasbihi, miwani ya pili, na peremende za kuwanyamazisha watoto wa wateja. Ukiweza kuvuta mtoto wa meza ukachukua unachotaka bila ya kutazama, hapo mkono wako umeshahamia. Kilichobaki ni moyo.

Moyo ulichelewa, na sababu yake niliiona katika wiki ya tatu. Wateja wetu wa kike walikuwa wamepungua. Siku moja alikuja bibi mmoja mjane, ameshikwa mkono na mjukuu. Alikalishwa penye viti vya plastiki vilivyopangwa safu moja mlangoni, kama vya kungojea basi. Zamu yake ilipofika, aliulizwa shida yake pale pale, mbele ya wanaume sita asiowajua. Alinitazama, akajifunika vizuri buibui lake, akasema, "Mwanangu, nitarudi siku nyingine." Akaenda zake.

Nilimjua shida yake. Mumewe ameacha nyumba na watoto wakubwa, nao wataka kuiuza. Kwa sharia, mjane ambaye mumewe ameacha mtoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Mama huyu alitaka kujua kama thumni yake itampatia chumba cha kulala, au ni fedha tu zitakazokwisha. Mambo kama haya husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Lakini kabla ya kadhi kusikia, lazima mtu aseme kwanza. Na mama gani atawataja wanawe kwa ubaya mbele ya safu ya viti?

Nikamwendea wakili wetu, kijana aliyeirithi afisi kwa baba yake. Nikamwambia twahitaji baraza.

"Ami," akasema, "huku juu twalipa kodi kwa futi. Kila futi ya mraba ina bei yake. Baraza la nini?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hizi faili zote kabatini zililetwa na baraza."

Hapo nikamkumbusha jinsi wazee wetu walivyojenga. Nyumba kubwa za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilizosalia ni za karne ya 18, hazimpokei mgeni kwa mara moja. Nje mna daka na mabaraza yake ya mawe, na hapo hukaa yeyote, anayejulikana na asiyejulikana. Ukipita mlango wafika tekani, na njia hapo hupinda, ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, kisha msana, na mwisho ndani kwenyewe. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita tatu hivi; lakini katika wembamba huo kila neno lilikuwa na mahali pake. La barazani lilisemwa barazani, na la ndani likabaki ndani.

Na dini yetu imetangulia katika hayo. Surat an-Nur, aya ya 27, yatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na tutoe salamu. Surat al-Mujadala, aya ya 11, yatuamrisha tupeane nafasi katika vikao. Zamani katika majumba ya wakubwa mlikuwa na kiti cha enzi, na mgeni wa heshima ndiye aliyekalishwa. Leo katika afisi zetu kiti chema, kile kizungukacho, ni cha mwenyeji, na mgeni hupewa plastiki. Hebu tujiulize nani amekuwa mgeni wa nani.

Wakili alinyamaza, kisha akasema tujaribu kwa mwezi mmoja. Hatukubomoa kitu. Tulizigeuza kabati mbili za faili zikasimama upande, na njia ya kuingilia ikapinda. Hiyo ndiyo tekani yetu. Nyuma yake tukaweka meza ndogo na viti viwili. Fundi seremala alitutengenezea benchi refu la kuegemea, tukalitandika mkeka, na viti vya plastiki vikaenda stoo. Mimi nilileta dele la kahawa kutoka nyumbani, vikombe na kashata. Gharama yote haikufika kodi ya wiki moja.

Wanaongoja sasa huzungumza. Mmoja humuuliza mwenzake habari za jamaa, na mara nyingine nusu ya jambo limeshapata njia kabla halijafika mezani kwangu. Bibi yule nilimpelekea salamu kwa mjukuu wake, naye akaja. Alikunywa kahawa benchini kwanza, bila ya haraka, kisha akaingia nyuma ya kabati akasema yote. Shauri lake liko mbele ya kadhi, na mwisho wake waujua Mungu. Lakini limeandikwa, na limeandikwa kwa maneno yake mwenyewe.

Basi ewe unayehamia afisi mpya, weka picha yako na chungu chako cha mti, hakuna akuzuiaye. Lakini siku ya kwanza, kabla hujapanga mtoto wa meza, toka nje, uingie tena kama mgeni aliyezeeka na mwenye siri moyoni. Tazama utaketi wapi, nani atakuona, na nani atakusikia. Ukishampatia huyo mahali, mahali pako utakaona kenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.