Je, Wajua? Seli Zinazopimwa kwa Mzani Bariadi

Je, wajua kwamba mkulima wa pamba wa Bariadi anauza seli, tena kwa kilo? Shuleni tumezoea kuambiwa kuwa seli haionekani bila hadubini, na kwa nyingi ni kweli. Lakini chomoa unyuzi mmoja kwenye pamba mbegu kabla haijafika kiwanda cha kuchambulia. Huo ni seli moja, yenye urefu wa sentimita 2.5 hadi 3. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni miongoni mwa vinara wa zao hilo nchini, kwa hiyo marobota yanayopakiwa huko kila msimu ni shehena za seli.

Ua la pamba likichanua, baadhi ya seli za ngozi ya nje ya mbegu changa huanza kurefuka. Hurefuka kwa wiki tatu hivi, kisha hujipaka selulosi kwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Mbegu moja hubeba nyuzi zaidi ya 10,000. Tunda likipasuka, seli hukauka na kufa, ukabaki ukuta uliojisokota. Msokoto huo ndio unaozifanya nyuzi zishikane kiwandani. Hata Mwingereza Robert Hooke, aliyezieleza seli kwa mara ya kwanza mwaka 1665, hakuona zilizo hai: aliona kuta tupu za seli zilizokufa kwenye gome la mti.

Je, wajua kwamba ng'ombe hana seli hata moja ya kumeng'enya selulosi hiyo, ingawa imejaa kwenye majani anayokula? Kazi hufanywa na bakteria na vijidudu wengine waliomo tumboni mwake, ogani moja yenye vyumba vinne.

Na ogani ni nini? Agiza supu ya utumbo. Kipande kimoja kina tishu zote nne za mwili: utando wa ndani unaofyonza chakula, misuli inayokisukuma, tishu unganishi inayoshikilia vyote pamoja, na neva. Tishu ni seli za kazi moja. Ogani ni tishu mbalimbali zilizokubaliana kazi. Vitabu vingi hulieleza jambo hili kwa michoro, lakini bakuli linatosha.

Je, wajua kwamba twiga wa Pori la Akiba Maswa ana seli za neva zinazoshuka kutoka kichwani hadi kifuani, kisha zikapanda tena hadi kooni? Moja huweza kuzidi mita 4.

Mpangilio huu wa seli, tishu na ogani una upande wake mchungu. Kosa dogo katika jeni moja, likirithiwa kwa baba na mama, hupinda seli nyekundu za damu. Seli ya kawaida huishi siku 120. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20, na njiani huziba mishipa midogo. Damu, ambayo ni tishu, hupungua. Wengu, ambalo ni ogani, huharibika mapema. Mtoto huumwa mwili mzima. Ndiyo selimundu, na Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yaliyoathirika zaidi Tanzania. Hugunduliwa kwa kipimo cha damu tu. Wachumba, pimeni kabla ya ndoa. Na mwenye mtoto anayeugua maumivu ya mifupa na upungufu wa damu mara kwa mara, aombe kipimo hicho hospitalini.