Bango la biashara: Programu ya bure inafaa, ukijua ya kuchagua

MFANYABIASHARA wa mbegu anayejiandaa kwa maonyesho ya Nanenane huhitaji mabango ya kubandika bandani. Akishamlipa mchapaji, fedha hiyo hairudi. Mabango yakitoka yamefifia au maandishi yamekatwa pembeni, muda wa kuchapa upya haupo, na baada ya Agosti 8 hayana kazi tena.

Wengi hudhani kuwa kutengeneza bango kunahitaji programu ya kompyuta ya bei kubwa, au nakala ya wizi, ambayo ni kosa kisheria na huweza kuja na virusi. Ipo njia nyingine, nayo ni programu huria. Hizi hupatikana bure kwenye intaneti, na leseni zake zinamruhusu mtu kuzitumia kibiashara, kuzinakili na kumgawia mwenzake.

Kwa kazi ya bango, tatu zinatosha: GIMP, iliyoanza mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, na Scribus. Kila moja ina kazi yake, kama jembe na panga.

GIMP husafisha na kukata picha. Inkscape huchora nembo, na mchoro wake hukuzwa kwa kipimo chochote bila kuharibika. Scribus hupanga maandishi, picha na nembo kwenye ukurasa, kisha huandaa faili la mchapaji. Anayefanya kila kitu kwa GIMP hujikuta maandishi yamegeuka kuwa sehemu ya picha, na namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi ndogo huweza kuchapwa ikiwa na ukungu.

Tatizo jingine ni rangi. Kioo cha kompyuta hutumia mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mtambo wa kuchapa hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani cha mahindi kinachong'aa kwenye kioo huweza kupauka kwenye karatasi. Scribus hutoa faili la PDF katika rangi hizo nne za wino, na huonya mapema picha ikiwa hafifu.

Karatasi ya A3 ina milimita 297 kwa 420. Picha ya kuijaza yote, kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, inahitaji nukta 3,508 kwa 4,961. Picha iliyopokelewa kwa WhatsApp kwa kawaida huwa imepunguzwa, hivyo ni vema kuomba ile ya awali.

Kabla ya kuanza, muulize mchapaji mambo matatu: kama anapokea PDF, anataka rangi za mfumo gani, na anahitaji ukingo wa ziada kiasi gani kwa ajili ya kukata. Mara nyingi ni milimita 3. Kisha omba nakala moja ya majaribio.

Uliza pia kuhusu mtambo. Kwenye ofseti kila rangi ina bamba lake. Bango la rangi mbili huhitaji mabamba mawili badala ya manne, na gharama hiyo hupungua kwa kila nakala kadiri nakala zinavyoongezeka. Kwa nakala chache, mtambo wa kidijitali usiotumia mabamba huwa nafuu zaidi.

Programu ni bure, lakini siku za kujifunza si bure. Anayehitaji bango moja kwa mwaka afadhali amlipe fundi. Chama cha ushirika au duka la pembejeo linalotoa matangazo kila msimu litarudisha muda huo haraka.